Kodi ya uchafuzi kwenye mafuta: iwe shilingi ngapi kwa lita, na ianzie wapi?

Kurasini Juu (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Kila Juni bajeti ikisomwa tunagombana kuhusu tozo za mafuta, na mabishano yanaishia palepale: serikali inataka pesa, mwananchi hana. Leo naomba tuingie kwa mlango mwingine. Tuseme serikali haihitaji hata senti moja. Je, lita ya dizeli ingestahili kutozwa kodi? Mimi nasema ndiyo. Nasema pia kwamba kiasi chake kinakokotoleka, na tukikikokotoa kwa uaminifu tutaona kodi zetu za mafuta zimekaa kichwa chini miguu juu. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Simama pale Tazara, Dar es Salaam, asubuhi, upande yanakopita malori yanayotoka bandarini. Lori likivuta kuondoka kwenye taa linamwaga moshi mweusi, na moshi ule unamwangukia mama aliyeinamia sufuria ya maharage kando ya barabara, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, mtoto anayevuka kwenda shule. Mwenye lori kalipia dizeli, kalipia matairi, kawalipa dereva na utingo wake. Kifua cha yule mama hajakilipia. Gharama ipo, ila haimo kwenye bei ya pampu. Mama ndiye anayeilipa dirishani akinunua dawa. Na kwa kuwa mwenye lori haimgusi mfukoni, anachoma dizeli nyingi kuliko ambavyo angechoma kama bili yote ingekuwa yake.

Arthur Cecil Pigou, mchumi wa Cambridge, alilieleza jambo hili mwaka 1920. Dawa aliyopendekeza ni kodi inayolingana na hasara inayoletwa na lita moja ya ziada. Angalieni hapo, si hasara yote igawanywe kwa lita zote, ni hasara ya ile lita ya mwisho. Ukishaiweka, humwambii mtu afanye nini. Mmoja atabadilisha nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, mwingine atatafuta mzigo wa kurudi nao badala ya kurudi mtupu, wa tatu ataendelea kama zamani kwa sababu safari yake ina faida hata baada ya kulipia madhara. Lengo si moshi ufike sifuri. Kuna mahali kuondoa moshi wa ziada kunagharimu zaidi ya madhara yenyewe, na hapo ndipo pa kusimama. Hiyo ndiyo kodi mwafaka.

Sasa hesabu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na ya dizeli takriban kilo 2.7. Hasara ya tani moja ya hewa hiyo ni kiasi gani? Serikali ya Marekani kwa muda ilitumia dola 51. Mwaka 2023 shirika lake la mazingira, EPA, likapandisha hadi dola 190. Chukua dola kwa shilingi 2,600 hivi. Kwa dola 51, lita ya petroli inadaiwa kama shilingi 305 na ya dizeli 358. Kwa dola 190, petroli inadaiwa zaidi ya shilingi 1,130 na dizeli zaidi ya 1,330.

Mtu atauliza, inakuwaje tani ileile ipande karibu mara nne? Sayansi imesogea, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya tofauti inatokana na kiwango cha punguzo, yaani tunaithamini vipi leo hasara itakayompata mtu kesho. Hasara ya dola 100 itakayotokea miaka 100 ijayo, ukiipunguza kwa 3% kwa mwaka, leo inahesabiwa dola 5 na senti kidogo. Ukiipunguza kwa 2% inakuwa karibu dola 14. Nukta moja ya asilimia, na kitukuu wako anakuwa na thamani karibu mara tatu. William Nordhaus, aliyepewa Nobel mwaka 2018 kwa kazi hii, aligongana na Nicholas Stern wa Uingereza kwenye jambo hilihili baada ya ripoti ya Stern ya 2006: Stern alitumia kiwango cha chini sana akataka hatua kali mara moja, Nordhaus alitaka kodi ianze ndogo ipande taratibu. Mimi niko na Stern. Sioni sababu ya kimaadili ya kumpunguzia mtu uzito kwa kosa la kuchelewa kuzaliwa.

Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Kwa barabara zetu, hewa ya ukaa huenda ndiyo sehemu ndogo ya deni. Mwaka 2005 wachumi Ian Parry na Kenneth Small walikokotoa kodi mwafaka ya petroli kwa Marekani na Uingereza. Kwa Marekani walipata dola 1.01 kwa galoni, na sehemu ya mabadiliko ya tabianchi ndani yake ilikuwa senti chache tu. Kilichobeba mzigo ni foleni, ajali na moshi unaoua watu wa karibu. Hata ukiipandisha bei ya tani ya hewa ya ukaa kwa viwango vya leo, hayo mengine hayaondoki. Dar es Salaam, foleni inayoanzia Mbagala mnaijua, ajali za bodaboda mnazijua, na masizi ya dizeli yanaingia ndani kabisa ya mapafu.

Sasa tazameni ushuru wetu wa bidhaa hapa Tanzania ulivyokaa kwa miaka: petroli shilingi 379 kwa lita, dizeli 255, mafuta ya taa 465. Nimeiacha tozo ya barabara makusudi, maana ile ni malipo ya kutumia lami, haikuwekwa kwa ajili ya moshi. Dizeli ndiyo yenye kaboni nyingi kwa lita, ndiyo yenye masizi, ndiyo inayosukuma magari yanayochimba barabara. Na ndiyo yenye ushuru mdogo kuliko zote tatu. Kenya ni hivyohivyo: ushuru wa bidhaa kwa petroli ni shilingi 21.95 za kwao, dizeli 11.37.

Hoja yangu ni hii: kabla ya kuongeza hata shilingi moja juu ya jumla, tupange upya kile tunachotoza tayari, kila mafuta yalipe kwa kadiri ya madhara yake, na tuangalie mtu akikimbia kodi anakimbilia wapi.

Karibuni.

---

Masafa Marefu

Mkuu, nimesoma yote. Mimi nina malori mawili yanayokwenda Tunduma. Mnaokaa na kalamu mnaiona dizeli kama moshi, sisi tunaiona kama unga wa sembe, saruji na dawa za hospitali. Hakuna kitu dukani hakijapanda lori. Ukipandisha dizeli umempandishia mama yuleyule wa maharage bei ya maharage. Ndiyo maana dizeli imewekewa ushuru mdogo, waliopanga si wajinga.

---

Kurasini Juu

Masafa Marefu, nashukuru umekuja, maana uzi huu bila mtu wa barabarani ungekuwa bure.

Hoja yako ina wasomi nyuma yake. Peter Diamond na James Mirrlees mwaka 1971 walionyesha kwamba serikali inayotafuta mapato isitoze vitu vinavyoingia kwenye uzalishaji, itoze bidhaa mwishoni inapomfikia mlaji. Dizeli ya lori ni kitu cha uzalishaji. Kwa kodi ya kawaida, ile ya kuipatia serikali pesa tu, wewe una haki kabisa. Ila kanuni ile haizungumzii madhara kwa watu wengine. Moshi unadhuru sawasawa, uwe wa mtu anayekwenda harusini au wa mtu anayepeleka saruji Mbeya.

Twende kwenye unga. Nisahihishe nikikosea: semi yenye mzigo inakula kama lita 50 kwa kilomita 100. Dar hadi Tunduma ni kilomita 900 na kitu, tuseme lita 450. Weka nyongeza ya shilingi 200 kwa lita. Ni shilingi 90,000 kwa safari. Umebeba tani 30, yaani kilo 30,000. Inatoka shilingi 3 kwa kilo. Ukirudi mtupu na kuupachika mzigo ule gharama ya kurudi pia, haifiki shilingi 6, maana lori tupu linakula kidogo.

Sisemi shilingi 6 si kitu. Nasema tunapoambiwa dizeli ikiguswa nchi italala njaa, tukae chini tukokotoe kwanza.

---

Masafa Marefu

Lita 50 uko sawa, ukikuta mlima Kitonga inazidi. Hesabu yako siipingi. Ninachopinga ni kwamba muuza duka haongezi shilingi 3, anaongeza 100 na kusema mafuta yamepanda. Hilo nani atalizuia?

---

Dada wa Likoni

Hamjambo jamani. Nawasoma kutoka Mombasa na naona mnazungumzia malori tu. Mimi nataka niwaingize jikoni, kwa sababu Kenya tulipitia jambo ambalo mwenye uzi ameligusa kwa mstari mmoja halafu akapita.

Mwaka 2016 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya mitungi. Watu wakaanza kununua, hata mitaa ya chini ukawa unaona mtungi wa kilo 6 mlangoni. Halafu Julai 2021 ile kodi ya 16% ikarudi, na wakati huohuo bei ya dunia ikawa inapanda. Mwaka 2022 ikapunguzwa hadi 8%, na Julai 2023 ikaondolewa tena. Sasa niambieni, mwaka huo wa 16% watu walifanya nini? Hapa kwangu ploti nzima ilirudi kwenye makaa. Mtungi ukawa wa kuchemshia chai ya asubuhi tu kwa sababu ni haraka, na maharagwe na pojo zikarudi kwenye jiko la makaa barazani, mvua ikinyesha linaingizwa ndani. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo na mtoto wangu ana pumu.

Na mafuta ya taa pia. Mwaka 2018 waliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli, na ushuru wake wakaupandisha ulingane na wa dizeli. Matumizi yalishuka sana, kwenye karatasi inaonekana ushindi. Lakini aliyeacha stovu ya mafuta ya taa hakwenda kwenye umeme. Wengi walikwenda kwenye makaa na kuni, ambazo hazina kodi ya pampu wala hazipiti bandarini.

Kwa hiyo hiyo kodi mwafaka yenu, inamwona huyu mtu au haimwoni?

---

Kurasini Juu

Dada wa Likoni, umeleta jambo ambalo ndilo linalonifanya nisikubali kubeba kanuni ya Pigou kama ilivyo na kuipachika Afrika Mashariki.

Pigou anafanya kazi vizuri pale ambapo mbadala wa kitu unachokitoza ni safi zaidi, au angalau nao unalipa madhara yake. Mkaa hauna vyote viwili. Unakatwa msituni, unasafirishwa usiku, unauzwa kwa kopo mtaani, na hakuna mita wala pampu ya kuweka kodi. Basi kodi mwafaka ya gesi si hasara ya gesi peke yake. Unaanza na hasara ya gesi, kisha unatoa hasara ya mkaa ambao mtu angeuchoma badala yake, ukizingatia ni wangapi hasa wangehama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Ukiweka uzito huo kwenye mizani, jibu la gesi ya kupikia linaweza kushuka chini ya sifuri, yaani badala ya kuitoza unaichangia. Naliamini hilo bila kusita, ingawa gesi ya mitungi nayo ni mafuta ya kisukuku.

Mafuta ya taa yana jibu la vipande viwili. Kwetu ushuru wake ulipandishwa kwa nguvu mwaka 2011, kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, kwa sababu ileile ya kwenu: uchakachuaji. Wajanja walikuwa wanayachanganya na dizeli, injini zinakufa, kodi inapotea. Kwa upande wa taa, ushuru ule mimi nauunga mkono. Kibatari kinatoa masizi ndani ya chumba anamolala mtoto, na taa ya sola sasa inapatikana hadi vijijini. Mtu akikimbia kodi anakimbilia mahali pazuri. Kwa upande wa jiko la mchina hali ni kama uliyoieleza, anakimbilia mkaa. Mafuta yaleyale, lita ileile, kodi inayofaa sehemu moja na kuharibu nyingine. Ndiyo maana huwezi kupandisha mafuta ya taa kabla gesi haijamfikia mpishi yule kwa bei anayoimudu. Tanzania imejiwekea lengo la 80% ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo na ratiba ya ushuru wa mafuta ya taa vinapaswa kuandikwa kwenye meza moja.

---

Mwenge Kaskazini

Yote tisa, kumi ni hii: Mmarekani mmoja anatoa hewa ya ukaa tani 14 kwa mwaka, Mtanzania hata nusu tani hafikishi. Kwa nini mimi nikokotolewe deni la dola 190 kwa tani? Waliochafua ndio walipe.

---

Kurasini Juu

Kwa haki, Mwenge, nakubaliana nawe, na ndiyo maana nilitenganisha deni la hewa ya ukaa na deni la masizi, foleni na ajali. Deni la kwanza ni la dunia nzima, na mchango wetu ni tone. Deni la pili ni letu wenyewe kwa wenyewe. Moshi wa Tazara hauendi Chicago. Hata kama ungeweka bei ya tani kuwa sifuri kwa Mtanzania, dizeli bado ingedaiwa zaidi ya inavyolipa sasa.

Lakini kuna mambo mawili kuhusu lile la kwanza. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, na tamko lao liliomba kodi ya kaboni ya dunia, ikiwemo kwenye biashara ya mafuta, meli na ndege. Hilo ndilo dai sahihi: kodi iwepo, na mkubwa alipe kwa ukubwa wake. Jingine ni kwamba Ulaya imeshaanza kutoza kaboni mpakani mwake kwa bidhaa kama saruji, chuma, alumini na mbolea. Deni lenyewe linahesabiwa kwa bidhaa zinazoingia tangu 2026. Kiwanda cha Afrika kinachouza huko, kama hakikulipa kodi ya kaboni nyumbani, kinalipa Brussels. Afrika Kusini iliweka kodi yake Juni 2019, randi 120 kwa tani, ikiwa na misamaha mingi, na sehemu ya hesabu yao sasa ni kwamba pesa ni bora ibaki Pretoria. Sisi hatuuzi chuma kingi Ulaya, kwa hiyo kwetu si jambo la kukimbiza leo. Ila wanaopanga viwanda vya kesho wasilisahau.

---

Fundi wa Gerezani

Naomba niseme kama mtu ninayeshika eksozi kila siku. Mleta mada umeeleza vizuri, lakini kodi ya lita haioni moshi.

Nichukulie Hilux mbili za dizeli, mwaka mmoja, injini moja. Moja ina nozeli nzima, chujio la hewa linabadilishwa, turbo haipitishi oili. Ya pili nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, ukikanyaga mafuta nyuma unaona wingu. Zote zikichoma lita moja zinalipa kodi sawa. Ya kwanza masizi yake huyaoni, ya pili inapaka rangi ukuta wa karakana yangu. Hewa ya ukaa hapo ni ileile, hilo nakubali, inategemea lita. Masizi hayategemei lita, yanategemea chombo.

Gari za petroli ni hivyohivyo. Zinatoka Japani na masega yake ndani ya eksozi, yale ya kusafisha moshi. Ndani yake kuna madini ya thamani, platinamu na paladiamu. Mwenye gari anashawishiwa anayauza, bomba linaungwa, gari linatembea kama kawaida. Ukisimama nyuma yake macho yanawasha. Huyo kodi ya lita itamfanya nini? Hatapunguza chochote.

Halafu ule ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8. Unalipwa mara moja bandarini, baada ya hapo hakuna anayeangalia eksozi tena. Na kwa kuwa gari jipya kidogo limekuwa ghali, mtu analing'ang'ania lake la zamani miaka 10 mingine. Mimi napata kazi, lakini hewa haipati.

---

Kurasini Juu

Fundi, haya ni maneno ya kuwekwa mezani kwa anayeandika sheria. Umegusa kanuni ambayo wachumi wanaikubali: kila dhara lipate kifaa chake. Kodi ya lita ni kifaa kizuri kwa hewa ya ukaa kwa sababu kaboni iliyomo kwenye mafuta ndiyo inayotoka, huwezi kuiba. Kwa masizi unahitaji kupima kwenye bomba, au kutoza kwa aina na hali ya chombo kila mwaka gari linapokaguliwa. Kwa foleni, hata gari la umeme linaziba barabara. Pale kifaa chake ni ada ya kuingia katikati ya jiji kwa saa fulani, pamoja na mabasi ya mwendokasi yanayotosha.

Pia wakati mwingine amri inaishinda kodi. Mwaka 2015 Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hakuna aliyeweka kodi ya salfa. Kiwango kilibadilishwa, mzigo wa meli ukabadilika, kwisha. Petroli yenye risasi nayo iliondolewa kwa amri Kusini mwa Sahara kufikia 2006. Mbadala ukiwa upo na gharama yake ni ndogo, huna haja ya kubembeleza kwa bei.

Kuhusu ushuru wa uchakavu, umenifungua macho kwenye upande wa pili. Ukiutoza mlangoni tu unamlinda aliyekwisha kuingia. Bora ungekuwa mdogo bandarini na uendelee kila mwaka kwa gari linalotoa moshi.

---

Salome wa Takwimu

Swali la haraka, nasoma uchumi mwaka wa pili. Kwa nini kodi na si vibali vya kuchafua vyenye kikomo, ambavyo kampuni zinauziana, kama Ulaya tangu 2005? Tumefundishwa mchumi Weitzman wa 1974, bei dhidi ya kiasi, ila mwalimu hakutuletea mfano wa huku.

---

Kurasini Juu

Salome, jibu la Weitzman ni kwamba inategemea ni kosa gani litakuumiza zaidi. Kama madhara yanaruka ghafla ukivuka mstari fulani, weka kikomo cha kiasi. Kama madhara yanapanda polepole na gharama ya kupunguza haijulikani vizuri, weka bei. Hewa ya ukaa hujikusanya kwa miongo mingi, tani ya mwaka huu haina tofauti kubwa na ya mwaka ujao, kwa hiyo bei inashinda.

Kwetu kuna sababu nyingine ya wazi kabisa. Mafuta yote ya nchi yanaingia kwa bandari tatu, Dar, Tanga na Mtwara, yananunuliwa kwa pamoja, yanapimwa na kuwekwa vinasaba, yaani alama ya kuyatambulisha. Kodi inakusanywa kwenye milango michache. Soko la vibali linahitaji wapimaji, wakaguzi na madalali ambao tungeanza kuwatafuta. Na kodi ya mafuta inamfikia hata tajiri asiyeonekana kwenye vitabu vya kodi ya mapato. Nchi yenye biashara nyingi zisizo rasmi ina sababu kubwa zaidi ya kuegemea kodi hii kuliko Ulaya.

---

Dada wa Likoni

Milango michache ya kukusanya, sawa. Na milango ya kutokea hiyo pesa je? Kenya Juni 2024 watu waliingia barabarani. Mswada wa fedha wa mwaka ule ulikuwa na tozo ya mazingira ndani yake, na kesho yake baada ya vijana kuingia Bunge rais akakataa kuutia sahihi. Wiki chache baadaye tozo ya barabara kwenye mafuta ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Ukiniambia mimi kodi ya uchafuzi, ninachosikia ni kodi tu.

---

Kurasini Juu

Na una haki ya kusikia hivyo. Ufaransa 2018 walipandisha kodi ya kaboni, pesa nyingi ikaingia kwenye mfuko mkuu, watu wa vijijini wanaotegemea gari wakaandamana wamevaa fulana za njano, na kodi ikagandishwa kwenye euro 44.60 kwa tani. British Columbia, Kanada, walianza 2008 kwa dola 10 zao kwa tani, wakapanda 5 kila mwaka hadi 30 mwaka 2012, na mapato yote yakarudi kwa kupunguza kodi za mapato na kuwalipa wenye kipato cha chini. Uchumi haukuanguka. Hata hivyo Aprili 2025 kodi hiyo kwa mlaji ilifutwa kotekote Kanada, pamoja na kwamba kwenye mikoa iliyotumia mfumo wa serikali kuu familia nyingi zilikuwa zinarudishiwa zaidi ya walicholipa. Watu waliiona kodi kila walipojaza tangi, marejesho hawakuyaona. Sweden ndiyo imedumu tangu 1991, na wao walipoianzisha walipunguza kodi nyingine mwaka huohuo.

Funzo ninalolichukua: marejesho yaje kwanza, na yawe kitu unachokishika. Kwa mazingira yetu, kabla dizeli haijapanda hata shilingi moja, bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 iwe imeshuka na kila mtu ameiona. Na iandikwe kwenye sheria, kama tozo ya barabara inavyokwenda Mfuko wa Barabara. Kupandisha nako kufanyike kwa ngazi zinazojulikana, tuseme shilingi 50 kwa mwaka kwa miaka minne, zitangazwe zote siku moja, ili mwenye lori akinunua lori jipya leo ajue dizeli ya miaka minne ijayo inadaiwa nini. Bei ikipanda, matumizi mwanzoni hushuka kidogo sana. Punguzo kubwa linakuja watu wanapobadilisha vyombo, na hawabadilishi kwa tetesi.

Masafa Marefu, kuhusu muuza duka anayeongeza 100 kwa sababu ya shilingi 3: ngazi ndogo inayojulikana mapema inamnyima kisingizio zaidi kuliko bei inayoruka kila mwezi na soko la dunia.

---

Masafa Marefu

Shilingi 50 kwa mwaka naweza kuipangia. Nimekaa na kijana wangu wa ofisini tumepiga hesabu, haitaniua. Ila nina ombi moja. Safari ya kurudi mtupu kutoka Tunduma nisitozwe nyongeza hiyo. Sibebi kitu, sipati kitu. Nirudishiwe kwa risiti.

---

Kurasini Juu

Hapo ndipo tunapoachana, ndugu yangu. Mapafu ya mtu wa Mikumi au Chalinze hayajui kama lori lina mzigo au halina. Safari tupu ndiyo yenye moshi usio na faida kwa yeyote, si kwako, si kwa mla unga. Nikikurudishia nyongeza ya safari ile, nimekuondolea sababu ya kusubiri siku moja Tunduma upate mahindi ya kushuka nayo, au kuzungumza na mwenzako mgawane mizigo. Mzigo wa kwenda nitakubali tubishane kiasi. Wa kurudi mtupu, ulipe yote.

---

Masafa Marefu

Kusubiri Tunduma siku moja kuna posho ya dereva, maegesho na ulinzi. Niletee hesabu ya hiyo siku moja dhidi ya nyongeza ya dizeli, nami nitakuletea ya kwangu. Nina daftari la safari zote za mwaka jana.

---

Kurasini Juu

Lete hapahapa kwenye uzi. Weka lita, siku za kusubiri na tani, majina ya wateja yaache. Nami nitaweka upande wa masizi kwa kila safari, Fundi atanisaidia kukadiria hali ya injini.

---

Fundi wa Gerezani

Nipo. Nitahitaji kujua mwaka wa injini na mara ya mwisho nozeli zilipopimwa.